Sanduku la Fundi: Kuchagua na Kutunza Vifaa vya Useremala



Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Kwa shamba sawa, hatubishani nao. Lakini kwa useremala sisi tumejifunza kwa hasara kwamba asiyechagua vifaa vyake atafanya kazi mwaka mzima akilipa makosa ya siku moja dukani. Somo letu la leo ni juu ya kuchagua na kutunza vifaa vya mkono vya useremala. Lisomeni pamoja kwenye mkutano, polepole, na kama kuna sanduku la vifaa kwenye kikundi chenu, lileteni lifunguliwe hapo katikati.

KISA CHA KIKUNDI KIMOJA

Upande wetu huu wa Plateau, si mbali na msitu wa Kaptagat, kulikuwa na kikundi cha watu 18: akina mama 11 na vijana 7. Wanne kati ya vijana walikuwa wamemaliza useremala kwenye chuo cha ufundi, vile vyuo ambavyo wengi wetu bado tunaviita polytekniki za vijiji. Cheti walikuwa nacho. Sanduku hawakuwa nalo.

Hili ni jambo la zamani. Mwaka 1966 baraza la makanisa hapa Kenya lilitoa ripoti iliyouliza vijana watafanya nini baada ya shule, na kutokana na ripoti hiyo polytekniki za vijiji zikaanza. Wazo lilikuwa zuri: mtoto wa mkulima apate kazi ya mikono karibu na nyumbani. Lakini fundi asiye na vifaa ni kama dereva asiye na gari. Anajua kazi, lakini anakaa kwenye jiwe kando ya barabara.

Basi kikundi kikaweka pesa kwa merigoraundi zaidi ya mwaka mmoja. Kisha wakatuma watu watatu mjini pamoja na mama mweka hazina. Wakarudi siku hiyo hiyo na sanduku la bati, jekundu, lenye vifaa 23 ndani. Kila mtu alipiga makofi. Nasi tuliokuwa washauri wao tulipiga makofi pia. Hatukuuliza hata swali moja.

Kazi ya kwanza ilikuwa mizinga ya nyuki. Nyuki wetu wa Afrika wanataka kila kibao cha juu cha mzinga kiwe na upana wa milimita 32, ili sega moja likae chini ya kibao kimoja. Vibao vikiwa vipana hapa na vyembamba pale, nyuki hawafuati hesabu ya fundi, wanafuata yao. Wanajenga sega kutoka kibao hiki mpaka kile, na mwenye mzinga akitaka kuinua kibao kimoja anararua masega yote. Ndivyo ilivyotokea. Mteja alirudisha mizinga yote na kudai pesa zake.

Miezi mitatu haijaisha, msumeno ulikuwa haukati, patasi zilikuwa zinaponda mbao badala ya kuzichonga, na randa ilikuwa inarukaruka. Hapo maneno yakaanza. "Vifaa vipya haviwezi kuharibika hivi." "Alinunua vya bei ya chini akaweka zingine mfukoni." Mama mweka hazina alisikia. Hakujitetea. Aliacha tu kuja mikutanoni, na baada yake akina mama wengine watatu.

Ndiyo maana tunaandika somo hili. Sanduku la vifaa si chuma tu. Ndani yake kuna jasho la watu 18 na uaminifu wao kwa wao. Kifaa kikifa, mara nyingi uaminifu unakufa nacho.

ANZENI NA KAZI, SI NA SANDUKU

Kabla ya kwenda dukani, jiulizeni: tutatengeneza nini miezi sita ijayo? Madirisha na milango? Viti na meza? Mizinga? Kibanda cha kuku? Andikeni. Halafu kwa kila kazi, andikeni kifaa ambacho bila hicho kazi haiwezekani. Mtashangaa orodha itakavyokuwa fupi.

Kwa kikundi kinachoanza, sisi tunapendekeza hivi:

1. Msumeno mmoja wa mkono, urefu wa inchi 22 hadi 26, wenye ncha za meno 7 au 8 kwa kila inchi.
2. Randa moja ya chuma ya namba 5, yenye urefu wa kama inchi 14, au randa nzuri ya mti.
3. Patasi mbili: ya nusu inchi na ya inchi moja.
4. Nyundo ya kung'oa misumari, ya uzito wa aunsi 16, yaani karibu gramu 450.
5. Tepu ya kupimia na skwea.
6. Kinoo, yaani jiwe la kunolea, lenye pande mbili: upande wa kukwaruza na upande laini.
7. Tupa ya pembe tatu ya kunolea msumeno, na tupa bapa moja.

Hivyo ndivyo vya kwanza. Msumeno mdogo wenye uti wa chuma mgongoni, keekee ya kutobolea, klampu na patasi ndogo vitafuata, kimoja kimoja, kwa faida ya kazi mliyokwisha kufanya. Angalieni pia kwamba kinoo na tupa ziko kwenye orodha ya kwanza. Vikundi vingi huviacha vya mwisho, na pesa zikiisha haviji kamwe. Anayenunua patasi bila kinoo amenunua ng'ombe bila nyasi.

Msidhani vifaa vichache ni aibu. Mafundi wa Lamu, mji ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, wamechonga milango na kuunda majahazi kwa vizazi vingi wakitumia msumeno, tezo, patasi na keekee ya kuvutwa kwa upinde. Siri haikuwa wingi wa vifaa. Siri ilikuwa makali.

KUPIMA KIFAA DUKANI

Msione haya kupima. Pesa ni zenu. Muuzaji akikataa msiguse, tafuteni duka lingine.

Msumeno. Tazama kwanza meno. Siku hizi misumeno mingi ina ncha za meno zilizochomwa na kuwa ngumu sana. Utaona ncha zake zina rangi nyeusi-nyeusi au ya buluu. Msumeno huu unakata vizuri ukiwa mpya, lakini tupa inateleza juu yake. Ukiisha makali haunoleki tena. Si kitu kibaya, lakini ujue unachonunua: huo ni wa kutumia na kutupa. Kikundi kinachotaka msumeno wa miaka kumi kitafute ule wenye meno meupe yanayokubali tupa. Halafu ukunje ubao wake kidogo kama upinde, uachilie. Ukirudi wima kabisa, ni chuma kizuri. Ukibaki umepinda, urudishe.

Patasi. Chuma kiingie ndani ya mpini bila kutikisika. Geuza upande bapa, ule usio na mteremko, uutazame kwenye mwanga. Ukiwa na mashimo ya kutu karibu na makali, usinunue, kwa sababu makali hujengwa na pande mbili zinazokutana.

Randa. Weka rula iliyonyooka chini ya tumbo lake na uinue kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati au mwishoni, tumbo limepinda. Zungusha parafujo ya kushusha kisu, uone kama kisu kinashuka na kupanda. Hakikisha kile kipande cha chuma kinachokaa juu ya kisu kinakigusa pote karibu na makali. Kukiwa na nafasi, maranda yataingia hapo na kuziba.

Nyundo. Kichwa kisichezecheze. Tazama juu, uone kabari iliyokaza mpini. Nyundo za chuma cha kuyeyusha kisicho na nguvu huvunjika vipande na vipande hivyo huruka machoni.

Skwea. Chukua ubao ulionyooka upande mmoja. Egemeza skwea, chora mstari. Igeuze upande wa pili, chora mstari mwingine mahali pale pale. Mistari ikilala mmoja juu ya mwingine, skwea ni ya kweli. Ikiachana kama mkasi, skwea ni ya uongo, na kila mlango utakaotengeneza nayo utakuwa wa uongo.

Tepu. Ile ndoano ya mwisho wake inacheza kidogo, na watu wengi hudhani ni ubovu. Hapana. Inacheza kiasi cha unene wake yenyewe, ili kipimo kiwe sawa ukiivuta kwa nje au ukiisukuma kwa ndani. Usiigonge kwa nyundo ili ikaze.

Vifaa vilivyotumika. Usividharau. Msumeno wa mzee aliyestaafu, wenye kutu ya juu juu tu, unaweza kushinda mpya. Kutu ya juu hutoka kwa msasa na mafuta ya taa. Lakini chuma kilicholiwa mpaka kikawa na mashimo, au randa yenye ufa, iache. Na uliza kinatoka wapi. Kikundi kisinunue kifaa cha wizi. Huyo fundi aliyeibiwa ni jirani yako.

MNAVYOWEZA KUTENGENEZA WENYEWE

Kuna pesa nyingi za kuokoa hapa. Nyundo ya mti ya kugongea patasi, benchi, kibao cha kukatia, mipini, na ile geji ya kuchorea mistari, yote hutengenezwa na fundi mwenyewe. Tumieni mti mgumu na mkavu. Huku kwetu emitiot, mzeituni wa porini, hutoa nyundo na mpini mzuri sana, na kipande kidogo cha tawi kavu lililoanguka kinatosha. Msikate mti mzima wa asili kwa sababu ya mpini. Saipresi na paini ni laini kwa nyundo, lakini zinafaa kabisa kwa sanduku na benchi.

Geji ni kijiti chenye msumari mkali mwishoni na kibao kinachoteleza juu yake na kukazwa kwa kabari. Ukishaiweka kwenye milimita 32, itachora milimita 32 mara mia moja bila kuchoka. Vijana wa kile kikundi walikuwa wanapima kila kibao upya kwa tepu, kila mmoja kwa jicho lake.

KUNOA: KAZI YA KILA SIKU

Sasa tufike kwenye moyo wa somo. Sikilizeni jambo ambalo wengi hawaambiwi: patasi na kisu cha randa mara nyingi hutoka dukani bila kunolewa sawasawa. Kiwandani wamekata mteremko tu. Makali ya kazi ni juu ya fundi. Kwa hiyo kifaa kipya kisipokata, usiseme ni kibovu kabla hujakinoa.

Hatua ni hizi:

1. Tia mafuta kidogo kwenye kinoo. Mafuta mepesi ya cherehani yanafaa, au oili iliyochanganywa na mafuta ya taa. Kama jiwe lenu ni la maji, tumieni maji. Chagueni moja, msichanganye.

2. Anza na upande bapa. Ulaze wote juu ya jiwe, usiuinue, usugue mpaka sehemu ya karibu na makali ing'ae sawasawa. Kazi hii ni ya mara moja katika maisha ya kifaa.

3. Geuza upande wa mteremko. Pembe nzuri ya kazi za kawaida ni kati ya digrii 25 na 30. Huna cha kupimia pembe? Tumia hesabu hii: mteremko ukiwa na urefu mara mbili ya unene wa chuma, hiyo ni digrii 30. Patasi yenye unene wa milimita 4, mteremko wake uwe milimita 8.

4. Sugua mbele na nyuma bila kuyumbisha mkono. Tumia jiwe lote, si katikati peke yake, maana jiwe litachimbika kama sahani. Endelea mpaka uhisi kwa kidole, upande wa pili, ukwaru mdogo wa chuma uliojikunja kwenye makali yote. Gusa kwa kuelekeza kidole nje ya makali, si kando yake.

5. Hamia upande laini wa jiwe, sugua tena kidogo. Kisha laza upande bapa na usugue mara mbili tatu ili ule ukwaru uondoke.

6. Malizia kwa kuvuta makali kinyumenyume juu ya kipande cha ngozi, kama mkanda wa zamani.

7. Jaribu kwenye kichwa cha kipande cha saipresi, pale nyuzi za mti zinapoishia. Patasi kali huacha mahali panapong'aa. Butu huponda. Au tazama makali kwenye jua: ukiona kamstari keupe, bado.

Jiwe likishachimbika, lisugue juu ya sakafu ya saruji iliyo sawa, kwa mchanga laini na maji, mpaka linyooke. Kama hamjapata jiwe, bandikeni msasa mzuri juu ya kipande cha kioo kinene. Unanoa vizuri tu.

Tahadhari juu ya mashine ya kusaga chuma. Ni nzuri kwa patasi iliyovunjika ncha. Lakini ukishikilia muda mrefu, chuma huchemka na kugeuka rangi ya buluu. Hapo ule ugumu umetoka na makali hayatakaa tena mpaka usage sehemu hiyo yote iishe. Gusisha kidogo, chovya majini, gusisha tena.

Msumeno. Ubaneni kati ya mbao mbili, meno yatokeze kidogo. Pitisheni tupa bapa juu ya ncha zote mara moja au mbili ili ziwe kimo kimoja. Kisha kwa tupa ya pembe tatu noeni jino moja, rukeni moja, mpaka mwisho. Geuzeni msumeno mnoe yale mliyoruka. Kila jino lipate idadi ile ile ya mivuto. Meno pia hupindwa kidogo, moja kushoto na moja kulia, ili njia iwe pana kuliko ubao wa msumeno na usibanwe. Yakipindwa mno, msumeno unakula mbao bure na kuchosha mkono. Mara ya kwanza fanyeni hili mbele ya fundi mzoefu.

Na mtu asiseme, "Kifaa kikali ni hatari." Kifaa butu ndicho hukata watu, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu na kikiteleza hakuna wa kukizuia. Mikono yote miwili iwe nyuma ya makali, daima.

KUTU, GUNDI NA MIPINI

Sisi tunaishi zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Usiku ni baridi, mchana jua, na kuanzia Machi mvua hukaa nasi miezi mingi. Chini ya mabati, chuma baridi hutokwa na jasho asubuhi kama dirisha. Kutu huanza hapo.

Kila jioni, kabla ya kufunga: pangusa vumbi, kisha pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo. Haichukui dakika tano. Usiweke vifaa juu ya sakafu ya saruji wala ndani ya maranda, kwa sababu maranda yanashika unyevu. Sanduku la mbao lililoinuliwa kutoka chini ni bora. Randa ilazwe kwa ubavu, au tumbo lake juu ya kijiti, ili kisu kisiguse kitu.

Paini na saipresi zina utomvu. Utomvu ukiganda kwenye msumeno, ufute kwa mafuta ya taa. Ukipaka nta ya mshumaa kwenye ubao wa msumeno na tumbo la randa, vitateleza kama vimepakwa siagi. Mbao za zamani, zile za kubomoa nyumba, zikaguliwe misumari kwanza. Msumari mmoja unaweza kumaliza makali ya wiki nzima.

Mpini ukilegea, watu hutia kichwa cha nyundo ndani ya ndoo ya maji. Unakaza leo, lakini ukikauka utalegea kuliko jana. Dawa ni kabari mpya. Mafuta ya kitani yanafaa kupaka mpini, lakini kitambaa kilicholowa mafuta hayo kisikunjwe na kuachwa. Kinaweza kupata joto chenyewe mpaka kikawaka. Kianikeni nje kikauke.

DAFTARI LA VIFAA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunalisema kila siku kwa pesa, lakini kwa vifaa tunasahau. Fungueni daftari lenye sehemu hizi: jina la kifaa, siku kiliponunuliwa na bei, risiti, nani amekichukua, siku gani, amerudisha lini, na kikiwa katika hali gani.

Mchagueni mtunza sanduku mmoja, na msaidizi wake. Asiwe mweka hazina. Mtu mmoja asibebe pesa na vifaa pamoja, kwa faida yake mwenyewe. Kisha wekeni sheria moja tu ambayo kila mtu ataikumbuka: kifaa kinarudi kikali kama kilivyotoka. Aliyekichukua ndiye anayekinoa. Kwa sheria hii tumeona vijana wakijifunza kunoa upesi kuliko kwa semina tatu.

Na mara moja kwa mwezi, kabla ya mkutano, iwe saa ya kunoa. Sanduku lifunguliwe, kila kifaa kiitwe kwa jina kutoka daftarini. Tengeni pia kiasi kidogo kutoka kila kazi iliyolipwa kiwe cha kununua tupa na jiwe, maana vyote hivyo huisha.

KISA KILIVYOISHIA

Tulimwomba mzee mmoja, seremala wa siku nyingi, aje aangalie lile sanduku jekundu. Watu wote waliitwa, na mama mweka hazina tulimfuata nyumbani. Alikuja, akaketi karibu na mlango.

Mzee alitoa vifaa kimoja kimoja akavipanga juu ya gunia. Alichukua patasi, akaitazama juani, akauliza, "Kijana wangu, hii mmeinoa lini?"

Wakatazamana. "Mzee, hiyo ni mpya."

"Mpya ndiyo. Nimeuliza mmeinoa lini."

Hakuna aliyejibu. Mzee akatoa jiwe lake mfukoni, akakaa kama robo saa akisugua. Kisha akachonga kichwa cha saipresi, kikang'aa. Patasi tano kati ya sita zilikuwa za chuma kizuri. Randa ilikuwa nzima, kisu chake tu hakikuwahi kuonja jiwe. Msumeno ulikuwa ule wa meno yaliyochomwa, na ulikuwa umepitishwa juu ya misumari ya mbao kuukuu. Ndoano ya tepu ilikuwa imegongwa ikakaza. Kijana mmoja akainua mkono polepole akasema ni yeye, alidhani anairekebisha.

Kisha mama mweka hazina akafungua leso akatoa risiti. Zote zilikuwepo. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Hatutasema kila kitu kilikuwa sawa baada ya hapo. Vijana wawili walikuwa wameshaondoka kutafuta kazi Eldoret na hawakurudi. Keekee moja haikuonekana hata leo. Mteja wa mizinga alirudishiwa pesa zake kwa awamu. Lakini mama alipewa mkono na kila mmoja, akaombwa msamaha kwa sauti, si kwa kunong'ona. Nasi washauri tuliomba msamaha pia, kwa sababu tulipiga makofi mahali tulipotakiwa kuuliza. Mizinga waliyotengeneza baadaye ilichorwa kwa geji ya emitiot, na vibao vyake vinainuka kimoja kimoja.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Vifaa vya kikundi chetu viko wapi leo usiku? Nani anajua?
2. Kifaa gani tulinunua ambacho hatujakitumia hata mara moja? Kwa nini tulikinunua?
3. Je, kuna mtu kati yetu tuliyemshuku kwa sababu ya kitu kilichoharibika? Tumeshamwuliza mbele ya wote, kwa upole, au tunasema pembeni?
4. Nani katika kijiji chetu anajua kunoa msumeno? Ameshamfundisha nani?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Pimeni skwea yenu kwa mistari miwili. Angalieni ndoano ya tepu. Noeni patasi moja, moja tu, kwa hatua saba tulizotaja, na kila mwanakikundi, akina mama pia, ajaribu kuchonga nayo kipande cha saipresi. Halafu andikeni mstari wa kwanza katika daftari la vifaa.